Kitendawili cha Fundi Zamu

Kitendawili! Najua mmeitika "tega" huko mliko. Leo sitegi. Leo nimekuja na kitendawili cha wiki iliyopita, na aliyekitega hayupo.

Wasikilizaji wapendwa, mnakikumbuka. Alhamisi iliyopita alipiga simu fundi umeme wa kiwanda cha sabuni, yule tuliyezoea kumwita Fundi Zamu. Akatega: "Hulala si mgonjwa, huamka haamshwi." Simu zenu zikamiminika. Mmoja akasema jogoo. Mwingine akasema mtoto mchanga. Mama mmoja akasema, "Bibi, huyo si mume wangu siku ya mapumziko?" Fundi alicheka, mlimsikia. Akasema, "Hamjapata. Jibu nitalileta mwenyewe Alhamisi."

Alhamisi ndiyo leo. Fundi Zamu amefariki. Jumatatu asubuhi, kazini, mbele ya pipa la kukorogea sabuni. Nimelirudia neno hili njia nzima nikija studio, na mdomo bado haulikubali. Fundi Zamu amefariki.

Jana tulimzika. Mkewe alinishika mkono pale msibani, akanivuta pembeni. Akaniambia, "Bibi, watu wanasema alisahau kufuli. Binti yangu ameambiwa na wenzake wa shule kwamba baba yake kauawa na uzembe wake. Wewe una redio. Kama ni kweli, sema. Kama si kweli, sema pia."

Basi nimeuliza. Leo asubuhi nimekwenda mpaka kiwandani kwenyewe. Kaeni niwaeleze.

Jina la Zamu alilipata kwa kazi yake ya kufunga taima. Mimi nimeishia shule ya msingi, kwa hiyo alinieleza kwa mambo ya jikoni. "Bibi, uji ukiukoroga bila kuacha, mkono unachoka. Usipoukoroga, unaganda. Sasa taima ndiyo inayoiambia mashine: koroga kidogo, pumzika kidogo. Kutwa nzima, hakuna mtu anayegusa swichi." Ni kikasha kidogo, kinaenea kiganjani. Kina vifundo viwili vya kuzungusha. Kimoja cha muda wa kazi, kimoja cha muda wa mapumziko.

Hata pampu ya kisima cha nyumbani aliifungia taima. Inavuta maji robo saa, inapumzika dakika arobaini na tano kisima kijae. Mkewe akamwambia, "Pampu imepata bwana mwenye huruma. Mimi taima yangu iko wapi?" Tangu siku hiyo pampu ya jioni ikianza kuvuma, Fundi anainuka kuosha vyombo. Ikinyamaza, anaacha hapo hapo, hata sufuria ikiwa na povu nusu. "Zamu yangu imekwisha, mama watoto."

Nilikuwa nikicheka sana kwa hadithi hiyo. Jana iliposimuliwa msibani, sikuweza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa lilianzia hapa. Pipa la kiwandani lilikuwa likikoroga dakika nne, linapumzika dakika kumi. Miaka sita hivyo hivyo. Sabuni ikiwa bado uji hunata kwenye mikono ya chuma iliyomo ndani, na lazima mtu aikwangue kwa mwiko. Sheria ya Fundi ilikuwa moja: zima swichi kubwa, ipige kufuli isiwashwe, ufunguo tia mfukoni mwako, ndipo uingize mkono. Lakini ukizima, taima inaanza kuhesabu upya, kazi inachelewa, na msimamizi ananuna. Wapakiaji wakajizoesha njia yao. Mashine ikinyamaza, wanakwangua ndani ya mapumziko yake. Saa hawaitazami. Miili yao ilishazijua zile dakika kumi.

Fundi aligombana nao kila wiki. "Imelala hiyo, haijazimwa!" Nao wanamjibu, "Fundi, unaliogopa pipa kama mama mkwe wako!"

Jumatatu kulikuwa na baridi kali. Uji ukaanza kuganda mapema. Msimamizi akaagiza mapumziko yapunguzwe. Fundi akazungusha kifundo, dakika kumi zikawa sita. Nasema tena: kumi zikawa sita. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, herufi kubwa, SITA. Kisha akapita akimwambia mtu mmoja mmoja. Akabaki mpakiaji mmoja tu, dada aliyekuwa stoo akichukua maboksi, akarudi nayo yamemziba uso, ubao hakuuona.

Dada huyo alikuja msibani. Alikaa mwisho kabisa wa mkeka, hali, hanywi. Haya ni maneno yake: "Bibi, mashine ilinyamaza, nikamalizia kwanza kufunga boksi langu. Nilijua muda upo. Nikainama na mwiko, mkono umeingia mpaka begani. Fundi kumbe ameshaingia mlangoni ananitafuta. Amepiga kelele, lakini boila ya mvuke ilikuwa inanguruma, sikusikia. Nikashtukia nimeshikwa kiuno, nimerushwa chali. Nilikasirika! Nikamwambia, 'Wewe Fundi, una wazimu?' Bibi, hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu."

Papo hapo pipa likaamka. Koti la Fundi lilikuwa limening'inia juu ya ukingo, na mkono wa chuma ukalinasa. Yaliyofuata siyasemi. Kuna watoto wanasikiliza, na watoto wake Fundi wamo.

Leo nimehesabu hatua kwa miguu yangu hii mizee. Kutoka mlangoni hadi swichi kubwa, kwenye ukuta wa upande wa pili, ni hatua thelathini na moja. Kutoka mlangoni hadi pale alipoinama dada ni hatua nane. Fundi alikuwa na hesabu ya taima kichwani, yeye ndiye aliyeipanga. Alijua hatua thelathini na moja hazitawahi. Alichagua nane.

Kufuli lilikutwa mfukoni mwake, na ufunguo wake. Hapo ndipo watu walipopata la kusema. Binti yangu, mwana wa Fundi, kama unanisikia, sogea karibu na redio. Baba yako hakusahau kufuli. Baba yako hakuwa mzembe. Alikosa muda wa kufuli, akapata muda wa mtu. Ukiulizwa shuleni, jibu hivyo, na uwaambie Bibi wa redioni amezihesabu hatua.

Ubao nimeuona. SITA bado imeandikwa pale. Hakuna aliyethubutu kuifuta. Msimamizi alisimama kando yangu kofia mkononi, akasema, "Bibi, mimi ndiye niliyekuwa nikinuna."

Jana, tulipotoka makaburini, tulikaa uani kwa Fundi. Ghafla pampu ikavuma. Wanawake wakapiga yowe, shemeji mtu akasimama, "Nani kaiwasha?" Hakuna aliyeiwasha. Taima ilikuwa imefika. Maji yakaanza kushuka kwenye tangi kama siku zote. Shemeji akaenda kuizima, mjane akamzuia. "Iache, shemeji. Zamu hiyo kaipanga yeye." Robo saa nzima tukakaa tukiisikiliza, mpaka iliponyamaza yenyewe.

Kwa mama watoto, kwa binti na wadogo zake, kwa wenzake wote wa kiwandani, na kwako wewe dada wa mwiko uliyekaa mwisho wa mkeka: poleni. Poleni sana. Wewe dada, kula. Hakukurusha chali ili ukae na njaa.

Na ninyi mnaofanya kazi na mashine, jiulizeni leo kabla ya kuingiza mkono: imezimwa, au imelala? Wakuu wa kazi, na ninyi jiulizeni mnanuna kwa ajili ya nini. Mtu akibadilisha muda, asiandike ubaoni tu. Azime kwanza, mpaka wa mwisho awe amesikia.

Sasa nimalize deni la wiki iliyopita. Fundi, hulala si mgonjwa, huamka haamshwi. Tumeshindwa wote. Hata mimi niliyeelezwa kwa uji na mwiko sikulijua jibu mpaka Jumatatu. Ni mashine yenye taima.

Desturi ni ileile, walioshindwa hutoa mji. Tunakupa mji, Fundi. Chagua wenye kisima kizuri. Lala, na safari hii pumzika bila kuhesabu.