Bwana Tone, Aliyepima Kila Sahani

Waombolezaji wenzangu, kabla sijakunjua karatasi hii, kila mmoja aape kimoyomoyo kwamba atakayoyasikia hayatavuka lile lango, na wewe fundi cherehani uape mara mbili, maana ulimi wako hauna pindo, ingawa mimi mwenyewe nimekwisha kuwanong'oneza watu watatu tangu asubuhi.

Marehemu mdogo wangu, ambaye wengi mlimwita Bwana Tone, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, wa kwanza nikiwa mimi, niliyembeba mgongoni mpaka leo kiuno kinalalamika. Alianza shule mwaka 1959, mimi nikaishia darasa la nne kwa sababu viatu vilikuwa jozi moja, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970, na Januari 1972 akaajiriwa kuwa mtunza maabara katika sekondari ya wasichana, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa, hadi alipostaafu Desemba 2010.

Huko ndiko alikojifunza kwamba kila chenye uhai, kuanzia nyasi hadi mwalimu mkuu, seli zake zimejengwa kwa molekuli za aina nne: wanga na sukari za kutia nguvu, protini za kujenga, mafuta ya kuizungushia seli utando wake, na asidi za nukleiki zinazobeba maagizo ya nani afanane na nani, ndiyo maana pua hii mnayoiona hapa ndiyo iliyolala kwenye jeneza lile. Alitembea na kichupa cha iodini mfukoni, tone moja juu ya chakula, ile kahawia ikigeuka bluu-nyeusi anatangaza, "Wanga!", hata harusini, kwenye sahani ya mwenyeji, basi mialiko ikakauka, kwani nani anamtaka mgeni anayekihoji kiazi?

Alifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1978, baada ya kuisugua barua ya posa kwa karanga ili ipitishe mwanga, kipimo cha mafuta hicho, wakwe wakadhani ilifungiwa samaki wa kukaanga. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, mwaka 1981. Mkewe alitutoka tarehe 2 Mei 2014, na tangu hapo aliishi peke yake katika vyumba viwili, kiti cha pili akikipangia magazeti ili kisionekane kitupu, na nilipomwuliza hali alisema, "Dada, kabatini vyote vinne vimo, lakini havifanyi mtu."

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na kisukari, daktari akampunguzia wanga, naye akawa anapima kila sahani niliyompelekea Jumapili, ikigeuka bluu anairudisha mlangoni, "Asante dada, nenda salama," mlango unafungwa, nami mjane narudi na sahani yangu kwenye nyumba isiyo na sauti. Tarehe 9 Oktoba 2022, alipokwenda bafuni akakiacha kichupa mezani, niliimwaga ile iodini, nikajaza chai ya rangi iliyopoa, tone likaangukia viazi, lisigeuke, akaondoa magazeti kwenye kiti, tukala pamoja, na Jumapili zilizofuata zikawa hivyo.

Figo zilianza kushindwa Januari 2024, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Katika kikao cha familia cha Jumatano ikasemwa kwamba mkazamwana wake, mke wa mwanawe, aliyempikia kila Jumamosi, ndiye aliyemfichia wanga chakulani, akalia, akaapa, hakusikilizwa, nami mkubwa wenu nikatikisa kichwa pamoja nanyi, na tangu siku hiyo hakuna aliyepokea hata maji mkononi mwake.

Jana mwanawe alinipa daftari la vipimo la marehemu ili nitoe tarehe. Loo, mtu wa maabara miaka thelathini na tisa, nami nikadhani nimemdanganya kwa chai! Tarehe 9 Oktoba ameandika: "Viazi. Chupani ni chai. Dada alikaa hadi saa kumi." Wiki iliyofuata: "Wali. Chai tena. Dada alikaa hadi saa kumi na moja." Kurasa zote ni hivyo, wala hakununua iodini nyingine.

Tunamshukuru daktari, aliyeniambia leo kwamba figo zilikuwa zimechoka zamani, ingawa hakuniambia kwamba sina hatia, wauguzi wa wodi, majirani walioleta viti, na walimu aliofanya nao kazi.

Mkwe wangu, wewe uliye kule nyuma karibu na masufuria ambayo hakuna aliyeyafunua, njoo ukae kwenye kiti changu, mimi nitasimama. Chupa ndiyo hii, nimeitoa mkobani, nusu bado imo, wewe muuguzi inuse uwaambie wenzako. Lala kwa utulivu, mdogo wangu, aliyekulisha wanga ni mimi hapa, mbele ya watu wote, na chupa mkononi.