Chumba Nilimowatoa Watoto

Sogeeni, wanangu. Amon, acha kusimama kama askari, kaa. Nancy, ninyanyulie mto. Na mlango uacheni wazi, maana mkwe wangu Dainess, mkeo Amon, yuko hapo nje, nyuma ya ukuta anakokaa siku zote ninapokuwa na watu, na nitakayosema leo yanamhusu yeye kuliko ninyi nyote.

Mashamba hayana maneno mengi. Kakao ya hapa nyumbani ni ya Amon, majaruba ya mpunga ya Talatala ni ya Isack, ng'ombe ni wa Nancy, na asije mtu akasema binti hapewi ng'ombe. Nimempa mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu. Kilichobaki ni kile chumba cha matofali cha uani, na ndicho kinachoninyima usingizi. Isack, najua unakitaka uweke mpunga wako, umeniambia mpaka umechoka, na jana ukanitumia mchungaji aniambie tena. Wee, usinikunjie uso, anayekufa ni mimi.

Masika yaliyopita mlikuwapo wote. Mvua haikatiki, kakao imeanza kuota ukungu kwenye vichanja, na mimi nikatoka na fimbo yangu nimefura kwa hasira. Humo chumbani Dainess alikuwa na watoto wa majirani pamoja na Kisa, binti yako, Isack, kwenye hiyo chekechea yao, wanaimba na kupanga vizibo vya soda kwa rangi. Nikasema kwa sauti ili asikie: Nancy, mwambie huyo mtu awatoe hao watoto, sikujenga nyumba kwa jasho langu ili watu wachezee vizibo. Wakatoka. Wakasimama chini ya upenu wa jiko na mikeka yao vichwani, mvua inawapiga miguuni, mpaka mama zao waliporudi kutoka kwenye palizi ya mpunga. Sisi tukaingiza magunia.

Dainess hakusema neno. Angesemaje? Mnaijua mila yetu: mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hazungumzi naye. Wenzetu wengi wameshaiacha, mimi nikaing'ang'ania, na kwenye misiba nikasifiwa kwamba nyumba ya yule mzee ina heshima. Heshima! Loo, wanangu, nilimfukuza mtu aliyekatazwa kunijibu, halafu nikalala usingizi wa mshindi. Nimegombana na wanaume wenzangu maisha yangu yote, nikapiga na kupigwa, na sioni haya. Lakini kwa huyu mwanamke sina pa kuuweka uso wangu.

Maana hamjui nilichoharibu, na mimi sikujua. Kisa alipoletwa hapa alikuwa mkubwa wa kutosha kusema, na hakuwa anasema. Nilimkalisha kando ya kichanja toka asubuhi, namwambia tulia, anatulia, na kila anayepita anamsifu: mtoto mpole, mtoto ana adabu. Mimi kichwa kikavimba. Ndipo Dainess akamchukua, akawa anakaa naye chini, anamwuliza hiki ni nini, halafu anangoja. Anangoja tu, hata jibu lisipotoka, hamsemei. Mtoto akafunguka! Akaanza kudai uji, kuuliza ng'ombe anaota nini, kugombania kizibo chekundu na baadaye kumpa mwenzake. Nilipowatoa, akarudi kwangu kichanjani na maneno yakamkauka tena. Nami nikawaambia watu, mnaona alivyotulia. Mpumbavu mimi.

Mungu akanilaza. Upande huu ukafa, kakao ikauzwa, na wewe Amon ukamrudishia mkeo chumba bila kuniuliza. Ulifanya vizuri, ingawa siku ile nilikutukana. Kitanda hiki kimeegemea ukuta wao, nasikia kila kitu. Nasikia wanavyonawishwa kabla ya uji. Nasikia mtoto akilia hapigwi, anaulizwa nini kimemkasirisha. Na juzi Kisa kaja na kikombe: Babu, unataka maji ya moto au ya baridi? Akasimama ananitazama, anasubiri niseme. Nikalia, Nancy, na wewe ukadhani ni maumivu. Ninyi niliwalisha, nikawavika, nikaamini kwamba mtoto hana anachojifunza mpaka avae sare ya shule. Amon, ulipoanza darasa la kwanza mwalimu alisema unaogopa hata kutaja jina lako, na mimi nikakuchapa kwa sababu hiyo. Uoga ule ulitoka wapi kama si kwangu?

Nipe maji, Nancy. Kidogo... yanatosha.

Chumba ni cha Dainess. Si cha Amon, nisikilizeni vizuri, ni cha Dainess mwenyewe, na uwanja wake mpaka ilipo ile migomba. Hata wewe na yeye mkiachana, Amon, kitabaki chake. Mwenyekiti wa kijiji nimeshamwambia. Gunia lisiingie humo tena. Isack, utatoboa dirisha la pili, humo ndani mna giza, na utajenga choo cha kimo cha watoto, kwa mikono yako. Na mtafuteni msichana mwenye subira asaidiane naye, mumlipe, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto wote wale.

Sasa mwite mkeo, Amon. Aingie. Mila niliishika mimi, naiachia mimi.

Karibu, mama. Usipige magoti. Inua uso... hivyo. Siku ile ya mvua nilisema peke yangu. Leo sema wewe.

Amon, usimsemee. Mwache.

Eti? Nancy, nyamaza nisikie... Unasema Kisa alikuwa ananiita. Pale upenuni. Alikuwa anaita babu, babu, mpaka sauti ikamkauka, na wewe unamwambia babu hasikii.

Hapana, mama. Nisiseme uongo na kaburi liko karibu hivi. Nilimsikia. Nilimsikia, nikawa nahesabu magunia.

Ndaga, mama, asante. Ndaga fijo kwa kunijibu. Mungu akupe... awape ninyi nyote... nyumba zenye sauti za watoto. Awabariki, msipigane.

Nimechoka. Mleteni Kisa nimshike kichwa. La, msimlete. Mwulizeni kama anataka kuja. Akikataa... msimlazimishe.