Majina Tisa Yaliyopigwa Mstari

Siku ile kijiweni walikuwepo Maganga, tuliyemwita Mizani, Luhende, tuliyemwita Redio, katekista Anatoli, bibi Nyanjige, aliyekuja saa sita na hakuondoka tena, na mimi, Mama Sayi, na birika langu la kahawa na mwanangu mgongoni. Benchi letu liko mbele ya ghala la zamani la ushirika, hapa Bariadi mjini. Zamani walilikalia wakulima wakisubiri kupimiwa pamba. Walipoingia wanunuzi binafsi na mizani zao juu ya malori, ghala likafungwa na Maganga akapunguzwa kazi, baada ya miaka kumi na minane ya kupima. Benchi hakuna aliyelitaka. Kwa hiyo Mizani anafika kila asubuhi saa mbili kamili, kama aliyeajiriwa na benchi, na Redio anakuja kuanika betri zake juani ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari.

Jumamosi ile, ng'ambo ya barabara, akina mama wa kujitolea kutoka Mwanza walikuwa wamefungua madarasa mawili ya shule ya msingi. Walikuja na daktari mmoja na nesi aliyeitwa Specioza, kupima wanawake kansa ya matiti na ya mlango wa kizazi, bure, kwa siku mbili. Mwezi mmoja kabla, Specioza alikuja peke yake akakaa papa hapa. Alimwomba Anatoli aandike majina arobaini, maana Anatoli anajulikana mpaka vijijini na mwandiko wake unasomeka. Alisema, na mimi nilisikia nikiwa nampa kikombe, kwamba anawataka wanawake wazima, hata wasioumwa popote.

Jina la kumi na moja lilikuwa la Nyamizi wa Nkololo. Nyamizi ni wifi yangu. Alikuwa anaoga akaona kitu kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa, kidogo kama mbegu ya pamba. Hakiumi, aliniambia, kinateleza tu chini ya kidole. Mimi ndiye niliyemleta kwa Anatoli aandikwe. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa najua.

Sasa habari ya daktari ilikuwa imesambaa kuliko orodha. Kulipokucha mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa imepangana mpaka kwenye ghala. Waliletwa akina mama wenye vidonda vya miguu, wenye macho yaliyofunga, wenye migongo. Anatoli alisimama mlangoni mwa shule na karatasi yake na akashindwa. Alikuja kumuuliza Mizani afanye nini, na Mizani akamjibu kwa desturi ya ghala, ambayo kila mkulima wa huku anaijua: mzee, mjamzito na mgonjwa hapangi foleni, anapitishwa mbele, na mwenye nguvu zake anangoja. Anatoli akarudi na kalamu. Alimuuliza kila mwanamke aliyeandikwa, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, unaumwa wapi?" Aliyesema haumwi, alimpiga mstari, akaandika juu yake jina la mgonjwa. Aliwaomba radhi mmoja mmoja, na wote walikubali bila neno. Walikuwa tisa, ukimhesabu na Nyamizi.

Nyamizi hakungoja kuulizwa. Alimwona bibi Nyanjige anashushwa kwenye mkokoteni, ameshikwa huku na huku, akainuka mwenyewe.

— Mayu, pita wewe. Mimi siumwi.

Watu walimsifu. Mimi nilimsifu kuliko wote. Nilimmiminia kahawa, nikamwongezea andazi, nikawaambia waliokuwepo waone moyo wa wifi yangu. Akala, akadandia mkokoteni uliokuwa unarudi Nkololo, maana pamba ilikuwa imeanza kupasuka shambani.

Saa sita Nyanjige alitoka darasani akivuta mguu, amekasirika.

— Nimewaambia goti, wakanishika kifua. Nina miaka sabini na mitatu, kwenye kifua changu wanatafuta nini?

Mizani alimpisha kwenye benchi, akamwekea gunia tupu nyuma ya mgongo. Halafu wanaume wale watatu, Anatoli akiwa ameshamaliza kazi ya mlangoni, wakaanza, na kwa saa nzima wakala kashata zangu wakijadili miili ya wanawake.

Redio alisema yeye alishayajua haya. Hii ni biashara huria. Zamani serikali ilinunua pamba tu, sasa kila kitu kina mnunuzi wake, na mtu mzima wa afya ni mteja ambaye bado hajaiva. Wanaandika jina lako leo, kesho wanakuletea dawa ya ugonjwa ambao hukuwa nao.

— Dawa wamempa nani leo? aliuliza Anatoli.

— Ndiyo ujanja wenyewe. Leo hawatoi.

Mizani alisema ameona wanunuzi wa aina zote na hajawahi kuona anayekataa mzigo ulioletwa akaulizia ule uliobaki shambani. Mgonjwa amefika mlangoni, wao wanauliza wazima. Mtu anayetaka kusaidia anaanza na anayelia.

— Labda hawajui kutibu, alisema Anatoli polepole. Wanaogopa wagonjwa.

Redio aliona hoja hiyo ni ndogo mno. Akasogea. Akasema kuna viwanda vya maziwa ya unga huko nje ambavyo mauzo yamekwama, na vinataka kujua ni wilaya zipi akina mama wana maziwa mengi, ili vijue pa kupeleka makopo.

— Kwa hiyo mimi nimehesabiwa maziwa, alisema Nyanjige.

— Mayu, wewe wamekuweka kwenye sifuri.

— Ungekuwa mwanangu ningekuchapa.

Walicheka. Mizani akasema kama ni maziwa wangeanza na ng'ombe wa kule Shishiyu, na Redio akajibu kwamba ng'ombe hana jina la kuandikwa. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa nakoroga makaa, Sayi amelala, nikiwaza wifi yangu alivyo na roho nzuri. Darasani palikuwa hatua sitini kutoka benchi. Hakuna hata mmoja wetu aliyevuka barabara kuuliza.

Specioza ndiye aliyevuka. Alikuja amechoka, koti lake jeupe limeingia vumbi la mikokoteni, akasalimia kwa Kisukuma, akaomba kahawa. Ilikuwa imebaki kikombe kimoja. Alisema wameosha vidonda, na wenye macho yaliyofunga wamewaandikia barua ya hospitali, kwa sababu hawawezi kumfukuza mtu aliyetoka mbali. Kisha akakunjua orodha juu ya goti lake.

— Katekista, hawa tisa waliopigwa mstari wanaumwa nini?

— Hawaumwi kitu, nesi. Ndiyo maana niliwatoa.

Hakukasirika, na mimi nafikiri angekasirika ingekuwa nafuu.

— Kansa ya titi ikianza haiumi, baba. Ikishaanza kuuma mara nyingi tumechelewa. Mimi nimetoka Mwanza kumtafuta yule ambaye haumwi bado. Yuko wapi?

Anatoli alitazama karatasi. Mizani alitazama mlango wa ghala. Redio aliinuka akaenda kugeuza betri zake upande wa pili.

Niliweka birika chini.

— Yuko Nkololo, nilisema. Nimempa andazi arudi nyumbani. Ana kitu karibu na kwapa kama mbegu ya pamba na hakimuumi, na nilikijua, na nikamsifu kwa kuondoka.

Nilidhani nimemaliza, lakini hasira ilikuwa bado. Niliwaambia wamekaa hapo saa nzima wakipima matiti yetu kwa midomo, mara maziwa ya unga, mara mauzo, na mwenye kujua alikuwa hatua sitini. Niliwaambia desturi ya ghala ilikuwa ya magunia. Gunia likingoja linabaki gunia. Nyamizi si gunia. Na nikasema mimi ni mbaya kuliko wao, kwa sababu wao hawakukishika kile kitu kwa kidole, mimi nilikishika.

Nyanjige ndiye aliyenijibu.

— Goti langu linaniuma mwaka wa ishirini sasa, alisema. Lingengoja. Mbona hamkuniambia? Leta huyo mtoto.

Alimfungua Sayi mgongoni mwangu, akamlaza mapajani, kwenye goti lile zima.

Specioza alisema kesho saa nane mchana wanafunga. Mizani aliinuka. Alikuwa na baiskeli yake ya kazini, ile ambayo ushirika ulisahau kuidai, na Nkololo alikujua shamba kwa shamba, maana alishampimia pamba kila mkulima wa kule. Hakuaga. Anatoli akachukua karatasi akaenda kuwatafuta wa hapa mjini, nyumba kwa nyumba, na nilisikia baadaye kwamba kila alipofika alivua kofia kabla ya kusema. Redio alikimbia stendi ya malori na orodha ndogo aliyoandikiwa mkononi. Mimi nikamfuata, tukapanga: yeye malori ya upande huu, mimi ya upande ule.

Jumapili, kufikia saa nne, wanane kati ya tisa walikuwa wamerudi. Milembe wa Nassa hatukumpata. Alikuwa ameondoka Jumamosi mchana na lori la dagaa, na hakuna aliyepajua nyumbani kwake. Nyamizi alifika nyuma ya baiskeli ya Mizani, miguu yake na ya Mizani imejaa vumbi mpaka magotini. Alinishangaa ninavyolia.

— Wifi, nilimpisha bibi tu.

Nyanjige alimshika mkono akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni, akiwaambia watu wote wa foleni kwamba huyu anapita mbele, haumwi.

Wiki ileile Nyamizi alipelekwa Mwanza, akakatwa kile kitu kikiwa bado hakijaanza kumuuma. Pamba yake tulimvunia sisi, na Mizani ndiye aliyeipima.