Handaki la Hatua Thelathini

Sogeeni wanangu, Zulfa nawe Masoudi; na wewe Kaimu, mjukuu wangu, weka chini hiyo sururu unisikilize, maana pumzi iliyobaki ni ndogo na neno ni zito.

Mikorosho ya Kiegei gawaneni kama dini inavyoagiza. Nyumba hii ni theluthi yangu, nimemuusia Shamimu, mjane wa ndugu yenu Harithi; asibughudhiwe.

Sasa la handaki. Enzi za vita vya Msumbiji tulilichimba sisi vijana wa hapa Nachingwea, tujifiche ndege za Wareno zikija. Lilitoka nyuma ya ghala mpaka kisimani, hatua thelathini, basi. Ndege hazikuja, na masika ya pili yakalifukia. Miaka ikapita, akaja msomi kutoka Dar es Salaam, anaandika historia ya mahandaki yaliyo chini ya mji, na mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuniuliza kitu, nikaona haya kumtajia hatua thelathini. Nikamwambia linapita chini ya mji mzima mpaka Ruangwa, lina milango ya chuma na masanduku yasiyofunguliwa. Akaandika. Watu wakaniita mzee wa historia, nikanogewa. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulimponza mwanangu.

Harithi aliamini. Akachimba hapo uani miezi minne, kila jioni akiniuliza, "Baba, bado mbali?" nami nikimjibu, "Karibu, mwanangu." Mvua zilipokolea, udongo ukamshukia. Tulimtoa kinywa kimejaa tope, na msibani nikasema alikuwa amebakiza kidogo tu afike. Nilisema hivyo mbele ya mkewe!

Shamimu, mkwe wangu, nisamehe ukiweza, usipoweza, sikulaumu. Kaimu, shimo la baba yako ulilolifukua, lifukie leo. Hakuna kitu kule chini. Wallahi hakuna.

Unasemaje? Rudia, masikio yamechoka. "Babu, unaficha ili wapate wengine"?

Ee Mola wangu. Uongo mliupokea kwa siku moja, na ukweli nakufa nao mkononi, hakuna wa kuupokea.

Masoudi, mzuie mtoto wa nduguyo... Mnizike Kilimarondo, kando ya mama yangu... kaburi msilishushe sana... Radhi zangu mnazo nyote, Mungu awakunjulie, hata wewe Kaimu, hata wewe... Mbona anainuka na sururu? Anakwenda wapi? Zulfa... mwite... mwiteni...