Komeo la Upande wa Nje

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa acha kuegemea ukuta kama mgeni. Vuta kiti ukae, kwa maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mbali na sitaki neno hata moja lipotee njiani. Mwalimu, andika kama nilivyokuomba, wala usinipambe. Binti yangu, kaa hapo hapo mlangoni ulipochagua kukaa. Sikuiti karibu, kwa sababu nitakayoyasema yanakuhusu wewe kuliko wote, nami sistahili kukutazama machoni ninapoyasema.

Nianze na mali, ili msije mkadhani kwamba nawazungusha. Mkubwa, umefanya kazi nami katika karakana hapo chini miaka kumi na minane, na zana zote ni zako: randa, misumeno, mashine ya kukatia mbao, hata wateja wangu. Nyumba si yako. Karakana na vyumba vya juu nampa dada yako, yeye na yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, wawaweke humu wanawake waliokimbia vipigo pamoja na watoto wao, maana vile vyumba viwili walivyopanga vimejaa hadi watu wanalala jikoni. Naona umekunja uso. Sikiliza kwanza nilivyotenda, ndipo ukunje.

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ndoa kanisani. Kila Alhamisi alasiri tuliketi wazee watano katika kile chumba kilicho nyuma ya madhabahu, tukawasikiliza wanawake. Nasema tuliwasikiliza, ukweli ni kwamba tuliwangojea wanyamaze. Kisha mume na mke walishika kitabu kitakatifu kwa pamoja, na utaratibu, nilioutunga mimi baba yenu, ulikuwa kwamba mke aseme mbele yetu, “Nimesamehe.” Mume hakutakiwa kusema kitu, kwake ilitosha kushika kitabu. Mmoja wetu alikuwa na mzaha wake: “Mama, mume mpole namna hii, hata kuku wanamzoea, wewe umemfanya nini?” Nasi tukacheka. Mwanamke mmoja, mdomo umemvimba, alijaribu kucheka pamoja nasi ili tusimwone mkorofi, akashindwa. Uso ule umenifuata hadi kitandani hapa.

Fundi cherehani ndiye aliyekuwa akiwasindikiza, kwa daktari, polisi, hadi kwetu. Aliingia bila kubisha hodi: “Hamjambo, Kamati ya Rudi Nyumbani?” Nilimwita mvunja ndoa nikiwa nimesimama mimbarini, na waumini wakaitika amina. Mkobani mwake alibeba nakala za vitambulisho vya wale wanawake, fomu za hospitali, nguo za kubadili. Yeye alikuja na nguo; mimi nilikuja na aya.

Ee Mungu, usinichukue kabla sijafika mwisho.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelisikia kutoka kinywani mwangu. Miaka sita iliyopita mkwe wangu, huyu aliyeketi sebuleni sasa hivi na matunda yake mapajani, alinijia karakanani akasema, “Baba, mwenzangu siku hizi anatembea usingizini. Naogopa ataanguka ngazini. Nitengenezee komeo mlangoni mwa chumba.” Nikachagua komeo zuri la chuma, nikaenda. Akaniambia niliweke upande wa nje.

Mkubwa, wewe unajua nilichokufundisha siku yako ya kwanza kazini: kabla ya kutoboa mlango, muulize mwenye kazi nani atakuwa ndani. Nimewauliza wenye maduka, wenye maghala, wenye mabanda ya kuku. Siku ile sikuuliza. Dada yenu aliniletea chai kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaufunika kwa shali, akasema, “Baba, ni upande huo kweli?” Nikamjibu bila kuinua kichwa, “Mwenye nyumba ndiye anayejua.” Na upande wa ndani wa ubao, karibu na kitasa, niliona mikwaruzo. Fundi wa miaka arobaini, wanangu; mikwaruzo ya kucha naijua. Nikaipiga msasa, nikaipaka rangi, kazi ionekane safi.

Bado hamjasikia lililo baya zaidi. Mnajua kwamba siondoki kazini bila kujaribu kazi yangu. Nilimwambia mwanangu mwenyewe, “Ingia ndani, usukume, nione kama linashika.” Akaingia. Nikafunga. Akasukuma mara moja, taratibu, kama mtu asiyetaka kumharibia baba yake kazi. Nami nikasema kwa furaha, “Limeshika!”

Nipeni maji. Hapana, si wewe binti yangu. Mwalimu, nipe wewe.

Siku kumi na moja alifungiwa mle. Aliyemtoa ni fundi cherehani, aliyepeleka sare ya shule ya mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita wakati huo. Mtoto akamwambia, “Mama yuko chumbani, hawezi kutoka. Babu ndiye aliyetengeneza.” Alisema kwa kujivunia, maskini, kwa kuwa alinipenda. Yule mama wa cherehani akapanda ngazi, akalivuta komeo kwa vidole viwili. Hapakuwa na kufuli. Vidole viwili, wanangu! Mtu yeyote aliyepita pale angeweza, na mimi nilipita Jumapili katika siku hizo, nikala chakula mezani, nikaambiwa amelala, nikabariki nyumba nikaondoka.

Je, nilitubu? Nilimwita mwanangu kwenye kikao cha Alhamisi, nikamwekea kitabu mbele. Alipokataa kukishika, nilitia sahihi atengwe na meza ya Bwana. Sahihi ile ni yangu, na kalamu ilikuwa yangu.

Tangu miguu iliponiishia nguvu nimekuwa nikisoma habari za yule msafiri aliyepigwa akaachwa njiani, nikajitafuta kati ya wale watu wa dini waliopita kando. Sikujiona. Wao walipita tu. Hawakurudi kumfunga kamba.

Basi nisikieni. Siku ya maziko, kabla mtu yeyote hajanisifu, mkubwa asimame asome haya aliyoandika mwalimu, yote, pamoja na ile mikwaruzo. Jana, mwalimu, uliniuliza, “Baba, watu watasemaje?” Watasema kweli juu yangu, nami nimechelewa kuisikia. Wazee wa kamati wapelekewe nakala, wawaombe radhi wale wanawake mmoja mmoja, nyumbani kwao, si kwa tangazo. Vyumba vya juu mvitie makomeo ya ndani, na mkubwa ayaweke kwa mikono yake mwenyewe. Mke wa mtu akija hapa, msimuulize alimfanya nini mumewe. Muulizeni kama amekula, kama ameumia, kama watoto wako salama. Na akitaka kurudi kwake, msimtukane, mwacheni ajue kwamba mlango huu bado ni wake.

Binti yangu. Nilitamani… nilitamani kukuomba uniambie neno moja. Ndilo lile lile nililowalazimisha wengine. Basi usiliseme. Kifo changu kisikushurutishe. Kama halimo moyoni mwako, Mungu hatakudai, na mimi nani hata nikudai.

Pumzi inakata. Mungu awape mikono isiyopiga, nyinyi wanaume wangu… awape masikio. Wewe, binti, akupe usingizi wa amani… na watoto wako, na hao utakaowapokea… wote…

Mkubwa. Bado jambo moja. Nenda sebuleni. Mwambie yule mtu kwamba hatanibeba kwenda kaburini, wala hatakanyaga tena nyumba hii, kwa kuwa ni ya dada yako. Mimi sikuwahi kumwambia hata neno. Nenda umwambie wewe… acha mlango wazi, nisikie.

…Sisikii. Sema kwa nguvu, mwanangu. Usimnong'oneze.

Tena.

Hapo. Hapo nimesikia… Asante. Sasa mpisheni dada yenu… akae anapotaka.