Ukurasa wa Nasipwondi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi mmoja wa Makina, Kibera. Jina lake Wepukhulu. Fundi Wepukhulu, seremala wa majeneza. Alituacha wiki mbili zilizopita, mwezi huu wa Juni, 1984.

Mwaka wa 1966 aliagizwa jeneza la mwashi mmoja. Akauliza, "Anasafirishwa wapi?" Wapangaji wenzake marehemu walikuwa wameishi naye miaka miwili, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Nanyi mnajua ilivyo kwetu: maiti hurudi nyumbani. Huyo hakurudi. Alizikwa hapa hapa Nairobi, na watu wake labda wanamngoja hadi leo.

Fundi akanunua daftari. Kila mpangaji aliyetoka magharibi mwa Kenya alipata ukurasa wake: jina, baba, kijiji, mto, soko, na simu ya duka au misheni ya karibu. Ukishataja simu, Fundi anakutazama juu ya miwani. "Na hiyo simu ikikatika?" Hapo unataja dereva wa basi, mwalimu, hata muuza samaki wa siku ya soko. Watu walimcheka, wakamwita Posta. Yeye aliendelea kuandika.

Na madaftari yalikuwa mawili. Nasema tena, mawili. La kwanza lilikaa karakanani Makina. La pili lilikaa Kawangware, ndani ya sanduku la bati la Mama Gathoni, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha. Kila Jumamosi Fundi alikwenda huko kwa miguu kunakili kurasa mpya. Mama Gathoni anasema: "Nilimuuliza, kwani huko Kibera hakuna mahali pa kuweka kitabu? Akaniambia, Mama, moto wa Makina hauwezi kufika kwako."

Sasa tufike Aprili, 1975. Jumamosi moja mvua ilinyesha vibaya, na Fundi alikuwa na homa. Mkewe, Mama Kavetsa, alimzuia. "Nilificha viatu vyake," ananiambia. "Ni mimi nilificha."

Jumamosi moja tu, wasikilizaji. Jumatano iliyofuata jiko la mafuta ya taa lililipuka, moto ukala karakana na vyumba vya jirani. Daftari la Makina likawa majivu.

Kule Kawangware sanduku likafunguliwa. Kurasa zaidi ya mia tatu zilikuwa salama. Zilikosekana nne, za watu waliofika baada ya Fundi kunakili mara ya mwisho. Watatu walikuwa hai, wakaandikwa upya. Wa nne alikuwa Nasipwondi, msichana aliyekuwa na siku nane tu Nairobi. Moto ulimuua.

Fundi alikuwa amemwandika kwa mkono wake mwenyewe. Alikumbuka jina. Alikumbuka kwamba mama yake anafinyanga vyungu karibu na mto. Mto gani? Hakukumbuka. Mimi mwenyewe nilisoma tangazo hapa redioni siku tatu mfululizo, na kina Nasipwondi ni wengi mno. Zilikuja familia mbili, zikatazama mwili, zikaona si binti yao, zikarudi. Fundi akamtengenezea jeneza, msichana akazikwa Nairobi.

Mama Kavetsa anasema: "Miaka tisa! Tukinywa chai ananiuliza, ni mto Kuywa? Ni Kibisi? Ni Malakisi? Sasa mimi ningejuaje? Halafu analia. Na hajawahi kunitajia viatu hata siku moja."

Fundi mwenyewe amelala kwao Kimilili. Siku aliyokufa simu ya huko ilikuwa imekatika. Ukurasa wake ulitaja dereva wa basi, na habari ikafika kabla ya jua kuzama.

Mama Kavetsa, watoto na wajukuu, pokeeni pole zetu. Mama Gathoni, pole nawe, sanduku lako limetunza watu wengi. Na wewe unayenisikiliza, nani hapo ulipo anajua kwenu? Andika leo, mara mbili, nakala moja mpe mtu wa mtaa mwingine. Usingoje Jumamosi.

Mwisho ni tangazo. Anatafutwa mama mfinyanzi wa vyungu, anayeishi karibu na mto, ambaye binti yake Nasipwondi alikuja Nairobi Aprili, 1975. Mama, kama bado upo, binti yako hakukusahau. Alikutaja, akautaja na mto wenu. Sisi ndio tuliopoteza.