Tikiti la Paka wa Fundi

Kijiwe chetu kiko barazani kwa fundi viatu, ambaye amelazwa hospitali wiki ya pili sasa. Duka limefungwa, benchi liko nje, nasi tupo juu yake, tumechoka hata kabla ya kufanya lolote. Siku anapelekwa alisema neno moja tu: "Jamani, paka wangu." Tukaitikia wote kwa mkupuo. Leo paka huyo yuko chini ya benchi, anaguguna ganda la tikiti.

DEREVA (mstaafu, ila bado anapigia watu honi kwa mdomo): Mnyang'anyeni! Paka na matunda wapi na wapi?

REDIO (fundi redio, anaongea kuzishinda): Muache. Tikiti maji matupu.

PROFESA (mlinzi, msomaji wa magazeti ya kufungia bidhaa): Tikiti kidogo halina neno, utoe mbegu. Zabibu ndiyo sumu. Inaua figo.

DEREVA: Umesoma wapi?

PROFESA: Kwenye gazeti la kufungia sabuni. Nusu lilichanika.

REDIO: Basi nusu ya pili ilikukanusha.

DEREVA: Sikilizeni. Paka akizoea sukari, macho yanafifia. Panya wanajua. Wanahamia dukani, wanatafuna ngozi zote. Fundi akirudi, hana kazi. Kisa tikiti!

REDIO: Kwani panya hali matunda? Paka akila panya, kala na tunda.

PROFESA: Hapo umenichosha.

MIMI: Kahawa imebaki?

Akatokea binti wa fundi, anatoka wodini, kandambili zinaburuzika.

BINTI: Shikamooni, wazee wangu.

SOTE: Marahaba, mwanetu. Baba vipi?

BINTI: Chakula hataki. Leo kaongea mara moja tu, kauliza kama paka anakula.

DEREVA: Mwambie anakula! Hapa tulikuwa kwenye hilo hilo.

BINTI: Asanteni. Nani anampa?

Mimi siku zote nilidhani ni Dereva, jirani wa bucha. Dereva alikuwa anamtazama Profesa. Profesa na Redio waliinamia vikombe, na vikombe vilikuwa vitupu. Aibu ilinishika hadi masikioni.

Binti akainama, akamnyanyua paka kwa mkono mmoja. Ganda likaja naye, hakuliachia.

BINTI: Mbona mwepesi hivi?